Kasi ya kamera si badala ya jicho

Kuna dai ambalo limeenea miongoni mwa vijana wetu wanaopenda upigaji picha, hasa wale wa vyama vya uanahabari shuleni na vyuoni. Dai lenyewe ni kwamba siku za mpiga picha kulivizia tukio na kubonyeza kitufe mara moja zimekwisha. Katika michezo, wanasema, kinachotakikana sasa ni kamera yenye kasi: kidole kishikilie kitufe, picha zijimimine zenyewe, na iliyo bora itafutwe baadaye. Ningependa kulipima dai hili kwa sababu linahusu jambo kubwa kuliko kamera. Linahusu iwapo chombo kinaweza kumfanyia binadamu kazi ya kuamua.

Mimi ni mtu wa isimu, hivyo msomaji ataniwia radhi nikianza na lugha. Kitenzi 'piga' katika 'kupiga picha' kinabeba dhana ya tendo lenye shabaha, kama vile kupiga mpira au kupiga muhuri. Tunapokirudufu tukasema 'pigapiga', tendo hurudiwa na aghalabu uzito wake hupungua. Anayetembea ana aendako. Anayetembeatembea huenda hana. Wahenga nao walituachia mizani yenye vitanga viwili. Walisema haraka haraka haina baraka, kisha wakaonya kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mpiga picha wa michezo anaishi baina ya methali hizo mbili.

Ni haki kukiri kwamba picha za mfululizo hazikuzuka leo, wala hazikuzaliwa na uvivu. Mnamo 1878 huko Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi, kila moja ikifyatuliwa kwa zamu mnyama alipopita. Picha hizo zilithibitisha kwamba farasi anapokwenda mbio, upo wakati ambapo miguu yake yote minne huwa hewani. Macho ya binadamu yalikuwa yamebishania jambo hilo kwa miaka mingi bila kulikata. Mfululizo ulifichua kile ambacho jicho haliwezi.

Tangu hapo kasi imepanda. Mwaka 1984 kampuni ya Canon ilitoa kamera ya filamu iliyoweza kupiga picha 14 kwa sekunde. Nikon F5 ya mwaka 1996 ilipiga 8. Lakini filamu ya kawaida ilikuwa na picha 36 tu, kwa hiyo mwenye F5 akikishikilia kitufe, filamu nzima ilikwisha kwa sekunde nne na nusu, na huenda bao likafungwa akiwa anabadilisha filamu. Gharama na uhaba vilikuwa walimu wakali. Leo walimu hao wamestaafu. Sony a9 III, iliyotangazwa mwaka 2023, hupiga hadi picha 120 kwa sekunde, na haihitaji filamu hata moja.

Je, kasi hiyo imeliondoa tatizo? Hebu tufanye hesabu kidogo. Mkimbiaji hodari wa mita 100 huenda wastani wa takriban mita 10 kwa sekunde. Kamera ya picha 10 kwa sekunde itamnasa kila baada ya mita moja, na yote yanayotokea katika mita hiyo hayataonekana. Mpira uliopigwa kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa husafiri karibu mita 28 kwa sekunde. Hata kamera ya picha 20 kwa sekunde itauacha usogee takriban mita 1.4 kati ya picha moja na inayofuata. Mguso wa kiatu na mpira, ambao hudumu kama sehemu moja ya mia ya sekunde, unaweza kuzaliwa na kufa katika pengo hilo.

Wapo watakaonijibu kwamba picha 120 karibu zinaliziba pengo. Nakubali. Wataongeza kwamba siku hizi baadhi ya kamera huhifadhi picha za muda mfupi kabla hata kitufe hakijabonyezwa kikamilifu, hivyo udhaifu wa binadamu, ambaye huchukua karibu sehemu moja ya tano ya sekunde kuitikia akionacho, umepata dawa. Hilo nalo nalikubali. Lakini kamera hiyo bado haijui isimame wapi uwanjani, imwelekee nani, wala iamke lini. Nani aliyeiambia kwamba mshambulizi huyu hupenda kukata ndani kwa mguu wa kushoto?

Tazama mashindano ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, ambayo Wakenya tumeyafanya kuwa kama shamba letu. Mwanariadha huruka maji mara saba tu. Mpiga picha anayeujua mchezo hufika mapema, huchagua upande wa mwanga, na mizunguko ya kwanza huitumia kujifunza mtindo wa kila mkimbiaji. Amos Biwott, aliyetwaa dhahabu ya mbio hizo Mexico mwaka 1968, alijulikana kwa kuyaruka maji bila kulowa miguu huku wenzake wakikanyaga majini. Aliyekuwa amemchunguza alijua amngojee mbele kidogo ya pale alipowangojea wengine. Maarifa ya aina hiyo hayauzwi dukani pamoja na kamera.

Ushahidi wa pigo moja tunao. Tarehe 25 Mei 1965, mjini Lewiston, Maine, Muhammad Ali alimwangusha Sonny Liston katika raundi ya kwanza. Neil Leifer, kijana wa miaka 22, alikuwa na kamera aina ya Rolleiflex na taa za kumulika zilizotundikwa juu ya ulingo. Taa hizo zikishawaka zilihitaji sekunde kadhaa kujikusanyia nguvu upya. Leifer hakuwa na nafasi ya kurudia. Alibonyeza mara moja, na picha ya Ali akimfokea Liston aliyelala chali ikawa miongoni mwa picha mashuhuri zaidi za michezo duniani. Bahati ilikuwapo: mpiga picha mwenzake, Herb Scharfman, aliyekuwa upande wa pili, anaonekana katika picha hiyo hiyo katikati ya miguu ya Ali, akiutazama mgongo wa bondia. Lakini bahati haikukibonyeza kitufe.

Ushahidi wa mfululizo nao tunao. Katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, Michael Phelps alimshinda Milorad Čavić katika mita 100 za mtindo wa kipepeo kwa sekunde 50.58 dhidi ya 50.59. Wengi waliotazama waliapa kwamba Čavić ndiye aliyetangulia. Picha za mfululizo kutoka kwa kamera ambayo Heinz Kluetmeier wa jarida la Sports Illustrated aliiweka chini ya maji zilionyesha Čavić akiteleza kuelekea ukutani ilhali Phelps anaugusa. Pigo moja lisingetosha kumaliza ubishi huo. Hata hivyo, tusisahau kwamba mtu aliamua mapema kamera ikae chini ya maji, kwenye ukuta ule.

Kwa mtazamo wangu, basi, mfululizo hauondoi uamuzi; huuhamisha tu. Mwenye pigo moja huamua kabla. Mwenye mfululizo huahirisha sehemu ya uamuzi wake hadi mezani, na deni huongezeka. Akishikilia kitufe kwa jumla ya sekunde 30 kwa kasi ya picha 120, anarudi na picha 3,600. Akizitazama kwa sekunde moja moja tu, ni saa nzima, na mhariri anangoja. Asiyejua alichokuwa akikitafuta uwanjani atakijuaje mezani?

Isitoshe, kuna suala la ukweli. Uso wa mwanariadha hukunjamana kwa namna nyingi ndani ya sekunde moja. Katika picha 120 za sekunde hiyo, moja inaweza kumwonyesha kocha mtulivu kama mtu anayemtukana mwamuzi, au msichana aliyepepesa macho kama aliyelala mchezoni. Picha hiyo haikubuniwa, lakini ikichapishwa itasema uongo. Pigo moja nalo linaweza kupotosha. Tofauti ni kwamba mfululizo humpa mchaguzi uhuru mpana zaidi wa kupotosha kwa makusudi. Uhuru huo unahitaji dhamira, na dhamira hufunzwa.

Hapa ndipo walimu wanapoingia. Siwaombi wapige marufuku mfululizo. Huo ungekuwa ukaidi. Naomba ufundishwe kwa mpangilio. Mwanafunzi aanze kwa kupewa picha 36 tu kwa mchezo mzima, hata kama kamera yake inaweza kuhifadhi maelfu. Kabla ya kipenga, aulizwe: unangoja nini, na kwa nini umesimama hapo? Akishaweza kujibu, aruhusiwe mfululizo mfupi wa picha tatu au nne, akiuanza kidogo kabla ya kilele cha tendo badala ya baada yake. Mwishowe atetee mbele ya wenzake picha aliyoichagua na aeleze kwa nini aliziacha nyingine.

Mafunzo haya hayahitaji kamera ya bei ghali. Shule ya kijijini yenye kamera moja kuukuu inaweza kumlea mpiga picha hodari, mradi imfundishe kuutazama mchezo, kuusoma na kuuheshimu. Siku atakapokabidhiwa chombo cha picha 120 kwa sekunde, atakitumia kama mtumishi. Yule aliyeanza na chombo hicho bila jicho atakuwa yeye ndiye mtumishi wake.