Chombo cha Kusemezana Ndani ya Helmeti

Mama mmoja wa Tanga ametuletea barua, asema kwamba mwanawe wa pili hufanya kazi ya kupeleka mizigo kwa pikipiki, na tangu aianze kazi hiyo ameshika desturi ya kuichomeka simu baina ya shavu na helmeti, apate kuongea na wateja huku yu mwendoni. Baba yake amemkataza mara nyingi bila ya kufua dafu. Sasa kijana ameleta shauri jingine: anunuliwe intakomu, yaani kile chombo kidogo kifungwacho ubavuni mwa helmeti, chenye spika mbili za masikioni na maikrofoni ya mdomoni, ili asiishike simu tena. Baba asema huo ni mchezo wa watoto wenye fedha. Mama atuuliza: je, iko intakomu ifaayo kununuliwa, na ikiwa iko, ni ya namna gani?

Swali hili tumelipokea kwa furaha, kwani haliwahusu watu wa nyumba ile peke yao. Pikipiki leo imeingia kila mtaa, wa pwani na wa bara. Ndiyo impelekayo mtoto chuoni, mgonjwa hospitali, na mara nyingine bwana harusi msikitini. Na popote ilipoingia, simu imeingia pamoja nayo. Basi tutasema kwa kirefu kidogo, na atuwie radhi yule atakaye jibu la maneno mawili.

Intakomu hizi aghlabu hutumia mawimbi ya redio ya namna iitwayo Bluetooth. (Jina hilo ni la Harald Blåtand, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 aliyesifiwa kwa kuwaunganisha watu wake. Kampuni zilizokubaliana juu ya mawimbi hayo mwaka 1998 zililipenda jina lake, na hivyo mfalme aliyekuwa akisafiri kwa jahazi na farasi leo hutajwa katika kila duka la simu.) Kwa mawimbi hayo chombo huungana na simu iliyo mfukoni, na pia huungana na chombo cha mpanda pikipiki mwingine au cha abiria aliyeketi nyuma. Haya ndiyo mambo mawili yafanywayo na intakomu, na wanunuzi wengi huyachanganya.

Maduka nayo huzidisha machanganyiko hayo. Juu ya sanduku huandikwa kwa herufi kubwa umbali ambao sauti yaweza kufika: mita 500, mita 800, hata kilomita 1.6 kwa vyombo vya bei kubwa. Kijana huona tarakimu hizo, na moyo wake ukamruka. Lakini umbali huo umepimwa mahali peupe, mtu akimwona mwenzake bila ya kitu kusimama baina yao. Mawimbi haya hayapendi ukuta, wala kilima, wala msitu. Katika mitaa ya Ngamiani mwenzako akisha kukata kona mbili, hizo kilomita zote zilizoandikwa zimekwisha kazi. Atakayelipa fedha kwa ajili ya tarakimu ya sandukuni, basi na ajue kwamba analipia uwanda, wala si mji.

Yako pia maneno ya "meshi", yaani wavu. Katika vyombo vya zamani wapanda pikipiki waliungana mmoja na mmoja, kama watu walioshikana mikono kwa mstari. Wa katikati akichelewa au akipotea, mnyororo wote hukatika. Katika wavu, kila chombo huzungumza na kila kilicho karibu nacho, na akitoka mmoja sauti hujitafutia njia nyingine. Kampuni ya Cardo ilileta chombo cha namna hii, Packtalk, mwaka 2015, nacho huweza kuunganisha watu 15. Sena wakafuata na chao mwaka 2018. Ni kazi nzuri ya ufundi, hatukatai. Kwa vijana wanaosafiri kumi pamoja kutoka Arusha hadi Dar es Salaam ina manufaa makubwa. Lakini mwana wa mama huyu hupanda peke yake kutwa. Wavu wa watu 15 utamfaa nini?

Hapa ndipo tulipotaka kufika. Kabla ya kuuliza bei, na kabla ya kuuliza jina la kampuni, na aulizwe mnunuzi: utasema na nani?

Akiwa ni abiria wa nyuma, tunasema inunuliwe kwa moyo mweupe. Bila ya intakomu abiria huinama mbele na kupiga kelele, na mpandaji hugeuza kichwa ili asikie, na katika kugeuka huko ndimo yalimo maafa. Akiwa ni mpandaji mwenziwe, pia ni jambo jema, kwani aliye mbele huweza kumwambia aliye nyuma kwamba pana shimo, au pana mchanga, au pana ng'ombe.

Ama akiwa ni mtu wa kwenye simu, tusimame kidogo. Wako wazee wengi, na vijana pia, wadhanio kwamba hatari ya simu ni mkono tu. Kwamba mikono yote miwili ikisha kuwa juu ya usukani, hatari imeondoka. Sivyo. Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walitoa matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa madereva wa magari, katika chombo kiigizacho uendeshaji. Madereva waliambiwa waende kwa njia kuu, kisha watoke mahali fulani walipotajiwa. Waliokuwa wakizungumza na rafiki aliyeketi garini wengi wao walitoka mahali pake. Waliokuwa wakizungumza kwa simu isiyoshikwa mkononi, takriban nusu yao walipita bila ya kutoka. Mikono ilikuwa huru, na macho yalikuwa mbele, lakini akili ilikuwa imekwenda kukaa na yule wa upande wa pili.

Na kwa nini rafiki wa garini hakuleta madhara hayo? Kwa sababu aiona njia. Lori likitokea hunyamaza, au husema "angalia". Lakini mteja aliyeketi dukani akingoja mzigo wake halioni lori; yeye huendelea kuuliza tu, "Umefika wapi? Umefika wapi?" Tofauti hii ndiyo itupasayo kuitia akilini. Intakomu haiwezi kumpa mteja macho.

Kwa hiyo twamwambia baba kwamba mwanawe hakukosea alipotaka kuitoa simu shavuni, na twamwambia kijana kwamba baba yake hakukosea alipoona kwamba chombo peke yake hakitamlinda. Kijana na anunuliwe kilicho rahisi, cha kuungana na simu tu, ili asikie maelekezo ya ramani, na asikie simu ikilia. Ikisha kulia, na awashe taa ya pembeni, asogee kando ya barabara, asimame, ndipo ajibu. Mteja akikasirika kwa kungoja dakika moja, na akasirike. Na katika simu yake azifunge kelele zote zisizo za kazi. Hata ile programu ya kukumbusha nyakati za sala yaweza kungoja mpaka asimame, maana misikiti ya Tanga haina uhaba wa adhana.

Sasa helmeti yenyewe, na hapa hatutalegeza kamba. Uchunguzi mkubwa uliokusanya tafiti za nchi nyingi, uliotolewa mwaka 2008, ulikuta kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Manufaa hayo kwa sehemu kubwa hutokana na lile povu gumu jeupe lililo ndani, ambalo kazi yake ni kupondeka ili fuvu lisipondeke. Simu ikichomekwa shavuni huilegeza helmeti, na zaidi ya hayo huweka kitu kigumu baina ya mfupa na kinga yake. Lakini wako mafundi wa vichochoroni ambao, spika za intakomu zikikosa nafasi, huchukua kisu na kulichonga povu lile. Huu ni uharibifu mtupu. Helmeti nzuri huwa na vishimo vya masikio vilivyotengenezwa kiwandani. Spika huwekwa humo, chini ya kitambaa. Ikiwa helmeti haina vishimo hivyo, au spika zasukuma sikio mpaka lauma, basi helmeti hiyo na intakomu hiyo hazikuandikiwa kukaa pamoja.

Chombo chenyewe hufungwa kwa kibano au kwa ule utepe wa gundi uliokuja nacho. Gundi nyingine za madukani, pamoja na petroli na rangi, zaweza kuidhoofisha helmeti ya plastiki bila ya jicho kuona lolote. Na itobolewe? Hasha.

Tena kuna helmeti zile nyepesi zifunikazo utosi tu, ziuzwazo pembezoni mwa barabara. Atakaye kutia intakomu katika hiyo ni kama afungaye kufuli la shaba katika mlango wa makuti. Fedha aliyo nayo ikiwa yatosha kimoja tu, na anunue helmeti kamili kwanza, yenye kufunika taya, na intakomu ingoje mwaka mwingine. Atazame ukanda wa kidevuni: helmeti zilizopasishwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa ya nambari 22 hushonwa kitambaa chenye herufi E ndani ya duara, na zile zilizopimwa kwa masharti mapya, yaliyoanza kutumika mwaka 2021, nambari yake huanza na 06.

Jambo la masikio watu hulipuuza. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa upepo ndani ya helmeti hupita desibeli 90, na ushauri wa wataalamu wa afya ya kazi huko Marekani ni kwamba sikio listahimili desibeli 85 kwa saa 8 tu, na kila zinapozidi 3 muda huo ukatwe nusu; zikifika 100 muda uliobaki ni dakika 15. Mpandaji akitaka kuushinda upepo kwa kuongeza sauti ya spika, huongeza madhara juu ya madhara. Dawa yake si sauti kubwa. Kwanza spika iwekwe sawasawa mbele ya tundu la sikio, kwani ikihama hata kwa upana wa kidole sauti hupungua sana. Pili, kwa safari ndefu za barabara kuu, atie vizibo vya masikio vya povu. Twajua msomaji atashangaa: azibe masikio kisha asikilize? Naam. Vizibo hupunguza upepo na sauti ya spika pamoja, na ule uvumi ukisha kushuka maneno husikika wazi zaidi. Ama mjini kwa mwendo wa pole vizibo havihitajiki, na honi za watu zastahili kusikiwa.

Wala asitumie zile spika ndogo za kupenyeza ndani ya sikio badala ya hizi. Ufaransa ilizipiga marufuku kwa madereva wote na wapanda pikipiki tangu Julai 2015, ikaruhusu zile zilizomo ndani ya helmeti. Tunaona sheria hiyo ina busara.

Maikrofoni huwa za namna mbili: ya waya mfupi unaonata ndani ya kidevu, kwa helmeti iliyofungwa kote, na ya mkono unaopinda, kwa helmeti iliyo wazi mbele au inayofunguka taya. Sifongo yake isitolewe, maana ndiyo izuiayo upepo. Vifungo viwe vikubwa, vya kujulikana kwa kidole kilichovaa glovu, bila ya jicho kutafuta. Chombo kiwe na alama ya IP67, ambayo maana yake ni kwamba vumbi haliingii na kwamba chastahimili kuzama katika maji ya mita 1 kwa dakika 30; kwa masika yetu hilo si anasa. Betri zake za lithiamu huchukia joto, kwa hiyo helmeti isiachwe juu ya kiti cha pikipiki juani mchana kutwa.

Neno moja kwa mabinti na mama zetu wapandao nyuma, au wapandao wenyewe. Mtandio mzito uliokunjwa mara tatu juu ya sikio huifisha sauti ya spika, na fundo la nyuma huizuia helmeti isikae mahali pake. Wavae chini ya helmeti kitambaa chepesi chenye kubana, kisicho na fundo wala pini hata moja, kwani pini chini ya helmeti ni msumari unaongoja. Ukanda ufungwe chini ya kidevu, juu ya kitambaa hicho, na mtandio wa nje uvaliwe baada ya kufika, au uzungushwe shingoni na ncha zake zichomekwe ndani ya koti, mbali na gurudumu na mnyororo.

Mnunuzi akienda dukani, na aende na helmeti yake mkononi. Aombe chombo kifungwe mle mle, akivae, apige simu nyumbani akiwa amesimama barabarani penye kelele, na aliye nyumbani amwambie kama maneno yafika. Aulize kama kibano, sifongo na betri huuzwa peke yake, kwa kuwa hivyo ndivyo viharibikavyo mwanzo. Muuzaji akikataa kukifungua kisanduku mpaka alipwe, maduka ni mengi.