Mgomo wa Jirani: Wito kwa Watu wa Kariakoo

Ndege zikikwama kwa sababu ya mgomo, Kariakoo huwa imeshatoa hukumu kabla ya saa nne asubuhi. "Wanalala hotelini, wanatembea dunia bure, mishahara mizuri. Sasa wanagoma nini?" Utayasikia hayo Mtaa wa Kongo, utayasikia Aggrey, na mara nyingi msemaji ni mtu mwenye tiketi ya Guangzhou mfukoni na fedha ya mkopo ndani ya mzigo. Hasira yake naielewa. Mkopo haungojei ndege. Ninachomwomba yeye, na kutuomba sote tunaohangaika kati ya Msimbazi na Lumumba, ni kwamba tukiwahukumu wahudumu wa ndege tutumie kipimo kilekile tulichotaka tupimiwe sisi.

Kwa sababu na sisi tumegoma, tena si zamani. Jumatatu ya tarehe 15 Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa. Kilio kilikuwa kikosi kazi cha Mamlaka ya Mapato (TRA), usajili wa stoo na usumbufu wa mizigo barabarani. Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, alikuja, na siku mbili baadaye akakaa na wafanyabiashara pale Mnazi Mmoja, watu wakasimama mmoja mmoja na kusema yaliyowajaa moyoni. Mwaka mmoja baadaye, Jumatatu ya tarehe 24 Juni 2024, tukafunga tena, na siku zilizofuata maduka yakafungwa hadi Mwanza na Mbeya. Serikali ikatangaza kusitisha kamatakamata ya TRA.

Mnakumbuka tulivyosemwa siku zile? Kwamba hawa wana maghorofa, wana magari, hawataki kutoa risiti za mashine za EFD, sasa wanagoma nini? Ni sentensi ileile, imebadilishwa mhusika tu. Ilituuma kwa sababu waliotutamkia walikuwa wameona vioo vya maduka na hawakuona hesabu iliyo nyuma yake: kodi ya fremu, ushuru, mzigo uliokamatwa njiani na mteja aliyeghairi. Tulitaka mtu atuulize kwanza. Mhudumu wa ndege naye anaonekana kwa kioo chake: sare iliyonyooshwa, tabasamu na kisanduku cha magurudumu.

Tuchungulie basi nyuma ya kioo. Agosti 2025 wahudumu zaidi ya 10,000 wa Air Canada waligoma, na dai lao moja liliwashangaza hata abiria wa miaka mingi. Walikuwa wakilipwa hasa kwa muda ambao ndege iko mwendoni. Kupokea abiria, kupanga mizigo juu ya viti, kukagua vifaa vya usalama, kumtuliza mtoto na kumsaidia mzee kuketi, vyote hivyo kabla ndege haijaondoka, sehemu kubwa ilikuwa kazi isiyolipwa. Mgomo ulianza Jumamosi ya tarehe 16. Kabla siku haijaisha serikali ya Canada ikawaamuru warudi kazini na mgogoro uende kwa mwamuzi. Wakakataa. Tarehe 19 makubaliano yakapatikana, yakiwemo malipo ya kazi ya chini. Wananchi wengi wa Canada, pamoja na safari zao kuharibika katikati ya likizo, waliona dai lile ni la haki, kwa sababu walikuwa wameelezwa likaeleweka.

Hapa Kariakoo dai hilo tunalijua vizuri kuliko wengi, ila kwa upande ambao hatupendi kuuzungumzia. Kontena linaingia usiku, magari makubwa yakiruhusiwa. Vijana wa duka wanaambiwa wasiondoke. Wanakaa juu ya maboksi tangu saa mbili usiku, gari linafika saa tisa, wanashusha mpaka alfajiri, na saa mbili asubuhi wanatakiwa wawe kaunta wamenawa uso. Wangapi kati yetu tunahesabu zile saa za kungoja? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Nimekaa na matajiri wengi wa mitaa hii wanaoijua sheria ya kodi kifungu kwa kifungu, na hii ya kazi hawajawahi kuisikia.

Turudi kwenye ndege. Mgomo wa anga uliotugusa karibu zaidi ulikuwa wa Nairobi. Tarehe 5 Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways, kupitia chama chao cha KALPA, waligoma. Kiini kilikuwa michango ya mfuko wao wa akiba iliyosimamishwa wakati wa Uviko, pamoja na malimbikizo ya mishahara. Mahakama ikaamuru warejee, na tarehe 9 wakarejea. Wafanyabiashara wa Dar wanaopitia Nairobi kwenda China na Dubai walitaabika. Na asubuhi iliyofuata baada ya mgomo ule kuanza, Jumapili ya tarehe 6, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Watu 43 walikuwamo. 19 walifariki, 24 wakaokoka. Taifa zima lilijifunza siku hiyo thamani ya mlango wa dharura na ya dakika chache za mwanzo. Mhudumu wa ndege anafundishwa kwa ajili ya dakika hizo. Soda na karanga ni nyongeza. Viwango vya kimataifa vinataka ndege kubwa ya abiria iweze kutolewa watu wote ndani ya sekunde 90 huku nusu ya milango haitumiki, na anayeisimamia kazi hiyo ndani ya ndege ni yuleyule tunayemwita kwa kupiga kidole.

Sisemi kila mgomo una haki. Mwaka 2012, madaktari walipogoma nchini, wagonjwa wasio na hatia walilipa gharama ya ugomvi usio wao, na hata aliyeona madai ya madaktari ni ya kweli alipata shida kuunga mkono. Sheria yetu inalitambua hilo: afya, maji, umeme, zimamoto, na waongozaji wa ndege walioko mnarani wamo katika orodha ya huduma muhimu ambazo watoaji wake wamewekewa kizuizi cha kugoma. Wahudumu wa ndani ya ndege hawamo kwenye orodha hiyo. Wana haki ya kugoma kama mfanyakazi wa kiwandani, lakini kwa utaratibu mrefu: mgogoro upelekwe kwanza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ukishindikana wanachama wapige kura, kisha mwajiri apewe taarifa ya saa 48.

Sisi je? Mteja wetu aliyepanda basi kutoka Lubumbashi au Lusaka, au aliyekuja kutoka Moroni na fedha zake, tulimpa taarifa ya saa ngapi? Hatukuwa waajiriwa, sheria ile haikutuhusu, tulikubaliana kwa simu tukafunga. Sijutii kwamba tulisikilizwa. Ila nikilinganisha, mgomo wa kisheria wa wahudumu wa ndege una heshima zaidi kwa mteja kuliko wetu.

Na kuna walioumia kwetu bila hata kuwa na duka la kufunga. Kuli wa mkokoteni, dereva wa guta, mama lishe aliyekwishapika wali wa watu hamsini, kijana wa kufunga mizigo kwa kamba. Hao wanakula kwa siku. Siku maduka yalipofungwa, hakuna aliyewauliza kama wamekubali, na serikali ilipokuja kuzungumza, hawakuwa na kiti. Nawaomba viongozi wa wafanyabiashara walifikirie hilo kabla ya siku nyingine ya namna ile kufika.

Mji huu una historia ya kuelewa migomo. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waliweka kazi chini kwa sababu ya mishahara ambayo kupanda kwa bei baada ya vita kulikuwa kumeimeza. Wafanyakazi wengine wa mjini wakawafuata, mgomo ukapanda na reli kwenda bara, na mwishowe mishahara ikaongezwa. Watu wa mitaa hii walikuwa hawajasoma sheria yoyote ya kazi. Walijua tu bei ya unga.

Basi nawaombeni, ndugu zangu. Siku nyingine ukisikia wahudumu wa ndege wamegoma, iwe Nairobi, iwe Ulaya, iwe hapa kwetu, uliza kwanza wanadai nini na wamelidai kwa muda gani. Dai likiwa la ovyo, sema ni la ovyo. Huo si ubaya. Safari yako ikiharibika, usimmalizie hasira binti wa kaunta pale uwanjani Terminali 3 ambaye hakugoma na hakuamua lolote. Tunza tiketi na risiti zako, idai kampuni iliyokuuzia safari ikupangie ndege nyingine au ikurudishie fedha, na ikikupiga chenga peleka malalamiko kwa maandishi Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Anayetaka kuendelea na kazi wakati wenzake wamegoma asitishwe, na anayegoma asiitwe mvivu. Wenye magrupu ya WhatsApp ya wafanyabiashara, mnaoweza kusambaza taarifa kwa maelfu ndani ya dakika, sambazeni na madai ya wagomaji. Msiishie kwenye picha za abiria waliolala sakafuni.

Kwa wenzangu wenye maduka nina ombi moja zaidi. Jumamosi hii mkiwalipa vijana wenu, hesabuni na ule usiku wa kontena.