Kibodi Inapochelewa: Babu Mchuuzi Asigeuke Mchuzi

Kile kipindi cha kuwarekodi bibi na babu zetu wakati bado tunao kimeleta meseji nyingi, na safari hii si za "mashallah, kazi nzuri" tu. Kuna kijana wa Jalan Bani Bu Ali kishaanza kazi kweli. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana anakaa na bibi yake mbele ya kompyuta ya mezani. Bibi anahadithia Unguja ya utoto wake, mjukuu anaandika.

Shida ni kibodi. Anabonyeza herufi, haiji. Anabonyeza tena, zinakuja mbili kwa mpigo. Mara nyengine haiji hata moja. Bibi anasimama katikati ya hadithi kuisubiri mashine, uzi unamkatikia, anasema basi mume wangu, tutaendelea wiki ijayo. Ijumaa tatu zimepita, wamepata kurasa mbili. Sasa anauliza: anunue kibodi mpya, au aibebe kompyuta nzima mpaka Sur kwa fundi?

Bado, ndugu yangu. Usinunue na usibebe. Kibodi ikichelewa, mara nyingi kibodi yenyewe haina kosa, na ukinunua mpya utaichomeka kwenye maradhi yale yale. Kwanza tujue herufi inakwama wapi. Kutoka kidoleni mpaka kwenye skrini inapita kwenye kibodi, kisha kwenye njia (waya au hewa), kisha kwenye Windows na mipangilio yake, mwisho kwenye programu unayoandikia. Ukijua imekwama kituo gani, nusu ya kazi imekwisha.

Lakini kabla ya yote: kompyuta ikiwa inaumwa, weka simu mezani urekodi sauti. Bibi asiisubiri mashine hata dakika moja. Utaandika baadaye usiku, mwenyewe, taratibu. Kibodi itapona leo au kesho, ila jina la jirani wa mwaka 1958 likishamponyoka mtu wa umri ule hujui litarudi lini.

Haya. Jaribio la kwanza ni la dakika moja. Fungua Notepad, ile programu nyepesi isiyo na mapambo, uandike sentensi mbili tatu kwa kasi yako ya kawaida. Kisha andika hizo hizo kwenye Word, ndani ya faili lako la hadithi. Notepad ikiwa inakwenda mbio na Word inajikokota, kibodi yako ni nzima kabisa, iache. Shida iko kwenye lile faili. Labda umejaza picha za zamani ulizozipiga kwa simu bila kuzipunguza ukubwa, au Word inadhani unaandika Kiingereza, basi kila neno la bibi inalikagua na kulipigia mstari mwekundu. Kurasa arobaini za Kiswahili, kila neno "kosa"! Zima ukaguzi wa tahajia kwa faili hilo, picha ziweke kwenye faili lake peke yake, na hadithi yenyewe igawe sura sura.

Ikiwa hata Notepad inachelewa, hapo tunaendelea. Na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu naona ndipo alipo huyu kijana wetu, na ndipo walipo wengi wetu huku Oman bila kujua.

Windows ina kitu kinaitwa Filter Keys. Kimewekwa kwa ajili ya watu ambao mikono inawatetemeka, au wanaobonyeza vitufe bila kukusudia. Kikiwaka, kompyuta inapuuza kila mguso mfupi. Kwa kawaida kinataka ushikilie kitufe sekunde nzima, yaani milisekunde 1000, ndipo herufi ikubaliwe. Kwa aliyekihitaji ni neema, na huenda bibi mwenyewe akakipenda siku akitaka kuandika kwa mkono wake. Kwa asiyejua kuwa kimewaka, kibodi imekufa.

Na kinawashwaje? Kwa kushikilia kitufe cha Shift cha kulia sekunde nane. Basi, hivyo tu. Kinatoka kisanduku kinauliza kama unataka kukiwasha, na sisi tulivyo, kisanduku chochote kikitokea tunabonyeza "ndiyo" ili kiondoke.

Sasa fikiria sisi tunavyotumia ile Shift ya kulia. Kompyuta zetu zina Kiarabu na Kiingereza pamoja. Ukiwa unaandika Kiarabu na maandishi yamekaa upande usiotaka, unabonyeza Ctrl na Shift ya kulia yahamie kulia, au Ctrl na Shift ya kushoto yarudi kushoto. Kwa hiyo vidole vyetu vinazurura pale kuliko vidole vya mtu anayeandika Kiingereza peke yake. Halafu ongeza bibi. Bibi anasema, "alikuja yule bwana, jina lake nani vile..." Wewe unajua jina linaanza na herufi kubwa, umeshaweka kidole kwenye Shift, unamtazama, unangoja. Bibi akitafuta jina la mtu wa zamani, sekunde nane si kitu!

Dalili yake haifichiki. Ukibonyeza haraka hakuna kinachotokea. Ukishikilia kidogo, herufi inakuja. Tazama pia chini ya skrini karibu na saa, huenda pana picha ndogo ya saa ya kupimia mbio. Kukizima, shikilia tena ile Shift ya kulia sekunde nane, au ingia kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya Accessibility, kisha Keyboard, ukizime hapo. Na ukiwa hapo hapo, zima kabisa ile njia ya mkato ya Shift ili kisijirudie Ijumaa nyengine. Kubadilisha lugha, zoea kitufe cha Windows pamoja na upau wa nafasi. Si lazima ucheze na Shift hata kidogo.

(Na kama ukiandika "mama" inatoka ةشةش, hiyo si kuchelewa. Uko kwenye Kiarabu. Inatupata sote.)

Ndani ya Filter Keys mna kijisehemu kingine ambacho kwa Kiswahili ni balaa zaidi. Hicho kinapuuza herufi ile ile ikibonyezwa mara mbili kwa haraka. Mwenye kuandika Kiingereza ataona neno moja moja limeharibika. Lakini lugha yetu imejaa irabu pacha. Kukaa, kuzaa, kuuza, kufaa, saa, paa, choo, mkuu. Ukikiwasha hicho ukidhani kitasaidia, "nguo hii itamfaa" inakuwa "itamfa", na "babu yako alikuwa mchuuzi Ng'ambo" inakuwa "babu yako alikuwa mchuzi Ng'ambo". Mtu mzima wa watu, kawa rojo.

Hapo unacheka na unasahihisha. Makosa yanayonitia hofu mie ni yale yasiyochekesha, kwa sababu herufi moja ikiliwa katika Kiswahili mara nyingi hubaki neno zima, safi, lenye maana nyengine. Bibi kasema "babu yako alimpa nauli ya meli". Kibodi ikila ile "m", umeandika "babu yako alipa nauli ya meli". Sentensi haina doa, hakuna mstari mwekundu wala mweusi, lakini yule mtu wa pili, aliyepewa nauli, katoweka kwenye historia ya ukoo wenu. Pengine alikuwa mdogo wake babu. Pengine ndiye aliyetangulia Maskati, wengine wakamfuata. "Alimwoa" ikiwa "alioa", bibi arusi hayumo. "Hawakumruhusu" ikiwa "hawakuruhusu", hujui tena nani alizuiliwa. Vile viherufi vya katikati ya kitenzi ndio watu wenyewe.

Kwa hiyo zile kurasa mbili zilizokwisha andikwa wakati kibodi inaumwa usiziamini hata zikionekana nzuri. Kama ulirekodi sauti, sikiliza tena huku unafuata kwa macho, na uviangalie vitenzi kimoja kimoja. Kama hukurekodi, zisome mbele ya bibi polepole akusahihishe.

Tuseme Filter Keys haikuwa imewaka. Basi tazama njia. Kibodi isiyo na waya: badilisha betri kwanza, ni jambo la kitoto lakini linafanya kazi kuliko mtu anavyotaka kukubali. Kisha angalia kile kidude kidogo cha USB kinachopokea mawimbi yake umekichomeka wapi. Kibodi nyingi za namna hii zinazungumza kwenye masafa ya 2.4 GHz, na vifaa vya USB 3.0 vikifanya kazi vinatoa kelele kwenye masafa hayo hayo. Si uzushi wa mtandaoni. Intel wenyewe walichapisha maelezo yake mwaka 2012. Na wewe umechomeka nini pembeni ya kile kidude? Diski ya nje yenye sauti zote za bibi! Nyingi sasa ni za USB 3.0, na tundu lake mara nyingi lina rangi ya buluu ndani. Zitenganishe. Diski ikae nyuma, kidude kije mbele karibu na mkono wako, au kipe waya mfupi wa kurefusha kiwe mbali. Ukiona herufi zinachelewa pale tu unaponakili mafaili, umeshampata mwizi.

Kibodi ya waya, chomoa, ichomeke moja kwa moja kwenye tundu la nyuma la kompyuta, si kwenye kile kigawanyaji chenye matundu manne ulichonunua kwa ajili ya chaja. Azima na kibodi ya jirani ujaribu. Ikiwa ya jirani inakwenda vizuri kwenye tundu lile lile, na mipangilio umeshaiangalia, hapo ndipo ukanunue. Ya waya, ya kawaida, rial chache tu. Sioni sababu ya mtu anayeandika hadithi kununua yenye taa za rangi saba.

Kimebaki kituo kimoja, nacho ni kompyuta yenyewe kuzidiwa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, litafunguka dirisha linaloonyesha kila programu inakula nini. Tazama safu ya prosesa, ya kumbukumbu na ya diski wakati herufi zinachelewa, si wakati mambo shwari. Kompyuta ya zamani yenye diski ya kuzunguka utaikuta asilimia 100 kwa sababu Windows inajisasisha au programu ya kinga ya virusi inakagua kila kitu Ijumaa hiyo hiyo saa hiyo hiyo. Ipangie muda mwengine, usiku. Funga na zile kurasa thelathini za Chrome, wallahi huzisomi.

Kwa watu wa Jalan nina neno la ziada: mchanga. Mnakaa kati ya ramla na bahari. Kuanzia Juni mpaka Septemba lile kusi ambalo babu zetu walilijua kwa jahazi linavuma kwenu, na vumbi laini linaingia hadi ndani ya friji. Feni ya kompyuta ikiziba, prosesa inapata joto, na prosesa ikipata joto inapunguza kasi makusudi isiungue. Kila kitu kinakuwa kizito, na wewe unachokiona kwanza ni herufi kuchelewa kwa sababu ndipo macho yako yalipo. Zima kompyuta, chomoa umeme, fungua ubavu, pulizia kwa kopo la hewa huku umeishika feni kwa kidole isizunguke. Kibodi nayo ipindue, uigonge mgongo. Utaona Sharqiyah nzima inamwagika.

Mambo mawili yasikupotezee wakati. Video nyingi zitakwambia ubadilishe ule muda wa kurudia herufi kwenye mipangilio ya kibodi. Ule unahusu herufi unayoishikilia ijirudie, haihusu ile ya kwanza kuchelewa. Na usishushe programu yoyote inayodai itasafisha kompyuta na kuiharakisha kwa mbonyezo mmoja. Hizo ndizo zitakazoichelewesha.

Kuna na waliosema, aah, siku hizi kibodi ya nini, sema tu simu iandike. Google waliongeza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti mwaka 2017, ni kweli, na kwa meseji kinafaa. Lakini bibi wa Jalan anaanza sentensi kwa Kiunguja, anapita kwenye Kiarabu cha Sharqiyah, anarudi na methali, na katikati anamwita mtu alete kahawa. Mie bado naona masikio ya mjukuu ndiyo yanayoweza kazi hiyo.

Ikiwa umefanya yote haya na herufi bado zinakuja kwa miguu, haya, ibebe kompyuta mpaka Sur. Lakini nakili mafaili yako kwanza, na usimwambie fundi "kibodi mbovu", atakuuzia kibodi. Mwambie ulichokiona: hata Notepad inachelewa, nimejaribu kibodi ya pili na tundu jengine, Filter Keys imezimwa, vumbi nimelitoa, diski inagonga asilimia mia nikiandika tu. Hapo ataanzia kwenye diski.