Mjengee Mpangaji wa Ngamiani, Si Mgeni wa Bomba

Tangu jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi liwekwe Chongoleani, Agosti 2017, baadhi ya wenye viwanja Tanga wanampigia hesabu mgeni wa kampuni: nyumba nzima, viyoyozi, kodi ya mwaka kwa mkupuo. Hesabu hiyo ina kasoro. Bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, huhitaji maelfu ya watu linapojengwa. Mafuta yakishaanza kupita, hubaki wachache. Tanga ilishaonja kupotea kwa ajira namna hiyo bei ya mkonge ilipoporomoka. Mwenye mtaji mdogo afadhali aanze na nyumba ya Kiswahili ya mtaa wa Ngamiani, hapo Tanga: vyumba sita, korido katikati, jiko na choo uani. Akihama kuli wa bandarini, vyumba vitano bado vinalipa.

Watasema wapangaji wa vyumba ni wasumbufu, kila siku ugomvi wa umeme. Ni kweli, ila mita ndogo kwa kila chumba na mkataba wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja, hupunguza mengi. Chumvi ya bahari inayokula mabati ndiyo haijui mkataba. Fungu la ukarabati litengwe siku ileile kodi inapoingia.