Usimwambie atupe vidonge
Ndugu yangu katika imani, kijana wa chuo hapa Mazimbu hapati usingizi, chakula hakipiti, Alfajiri inampita, nawe unamwambia imani yake ndogo? Mche Allah! Bibi Aisha (r.a.) aliagiza wafiwa wapikiwe talbina, uji wa shayiri, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba huondoa sehemu ya huzuni. Basi chakula, dhikri, kutembea asubuhi Uluguru ikiwa mbele yako, vyote tiba, na huzuni ikiwa nyepesi huenda vikatosha. Ikiwa nzito, mpeleke hospitali. Fluoksetini au amitriptilini huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, wengi huacha mapema (na sisi masheikh tunawapongeza!). Akipata nafuu asikatishe ghafla, daktari ndiye ampunguzie dozi polepole.