Timazi ya Moyoni

Katika shule zetu kumezuka desturi ya kukariri maneno mazito ya Kiingereza ili kuipamba insha. Mojawapo ni "aplomb". Wanafunzi wengi hulitumia kana kwamba ni "confidence" iliyovikwa nguo za sikukuu, na mwalimu mwenye madaftari mengi ya kusahihisha hutia alama ya vyema akapita. Hapo ndipo penye kasoro.

Neno hili Waingereza walilipata kwa Wafaransa, ambao husema "à plomb", yaani wima kwa kufuata risasi. Risasi hiyo si ya bunduki, bali ni kile kipande kizito ambacho mwashi hukifunga uzini ili ajue kama ukuta umesimama sawasawa. Waswahili twakiita timazi. Basi atendaye jambo "with aplomb" ni yule asimamaye wima pale ambapo wengine wangeyumba.

"Confidence" nayo imetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuamini. Yaweza kukaa moyoni pasipo mtu kuijua, na mtu aweza kuwa nayo kwa mwenziwe. "Aplomb" haiwi kwa mwingine, wala haidhihiriki ila wakati wa kujaribiwa: mtahiniwa aulizwa swali asilolitarajia, atulia, ajibu alijualo na kukiri asilolijua. Kisarufi, neno hili halina wingi, aghalabu hutanguliwa na "with", na herufi b ya mwisho haitamkwi, kama ilivyo katika "bomb".

Yamkini msomaji atauliza, ya nini kulumbana juu ya neno moja? Ni kwa sababu darasani tumeshika kipimo kilichopinda. Mwanafunzi mwenye sauti kubwa na Kiingereza cha kasi husifiwa kuwa anajiamini, hata anaposema upuuzi. Yule mpole ajuaye jibu hunyamaza kwa kuhofia kuchekwa. Mwalimu naye akijiunga na wanaocheka, kinywa kile huenda kisifunguke tena mwaka mzima. Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Lakini sisi twalipa debe zawadi.

Ukuta hausimamishwi wima kwa makelele. Timazi haina sauti. Hufanya kazi kwa uzito wake na kwa kutulia, na ikiwa bado inayumba, fundi husubiri. Walimu wenzangu, nasi tusubiri. Tukishauliza swali, tumpe mtoto nafasi ya kuwaza kabla ya kumrukia au kumgeukia mwingine.

Nanyi wanafunzi, fahamuni kwamba neno zito halimpi uzito mtu mwepesi. Uzito hutokana na kusoma, kuelewa na kujizoeza kusema mbele ya watu. Aliye nao hahitaji kuandika kwamba anao. Msomaji atauona katika insha yake, hata akiiandika kwa maneno mepesi kabisa.