Acheni Kuwahubiria Wachongaji, Wafunzeni Mawakili

Kuna imani iliyokita mizizi nchini, na huku Gusii imestawi kama mgomba wa nyuma ya jikoni: kwamba msanii huibiwa kwa sababu hajui. Mchongaji wa mawe wa Tabaka, Kisii, akilalamika kwamba umbo alilolibuni mwenyewe linauzwa Nairobi likiwa limetoka mkono mwingine, jibu huwa lile lile. Hajui haki zake, ahamasishwe. Basi ukumbi hukodishwa, bango hutundikwa, watu hugawiwa kalamu na daftari, mtaalamu husoma slaidi zake, chai hunywewa, picha ya pamoja hupigwa. Jioni kila mmoja hurudi kwake akijua kwamba anaibiwa, jambo ambalo alilijua hata kabla ya chai.

Imani hii inamfaa kila mtu isipokuwa msanii mwenyewe. Mfadhili anapata ripoti, afisa anapata marupurupu, na mwenye kunakili anaendelea kunakili. Kibaya zaidi, inamgeuza aliyeibiwa kuwa mwenye kosa. Mimi nasema tumekosea mlango. Katika kaunti mbili za Gusii, yaani Kisii na Nyamira, anayehitaji kuketishwa darasani kuhusu hakimiliki ya sanaa za kuonekana ni wakili, si mchongaji.

Tuanze na kile ambacho mchongaji anatakiwa kukijua. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika 2003, inataja sanamu kwa jina, pamoja na michoro, picha za rangi, picha za kamera na hata kazi za mikono zilizotiwa sanaa. Haki huzaliwa pale kazi inapopata umbo la kushikika. Haidai muhuri wala cheti. Kwa kazi kama sanamu, humlinda msanii maisha yake yote, kisha huendelea miaka 50 baada ya kufa kwake. Hayo yanaenea kwenye karatasi moja, na mtu anayeweza kuliangalia jiwe ghafi akaona kiboko ndani yake hashindwi kuyaelewa. Asichoweza kukifanya peke yake ni kuyatumia.

Sasa mfuate anapotoka semina na kwenda kumtafuta wakili. Mjini Kisii mawakili hawapungui. Vibao vyao vimepangana barabarani, na Nyamira hali ni hiyo hiyo. Mahakama Kuu iko katika miji yote miwili. Mawakili wetu wasomi ni hodari wa mipaka ya mashamba, mirathi, ajali za barabarani na talaka. Gusii ardhi ni finyu na watu ni wengi, kwa hiyo kesi za shamba haziishi. Lakini mwekee mezani wakili huyo sanamu na nakala yake, umwulize kama kuna kesi. Wengi watamwambia mteja aende kwanza kusajili kazi yake kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ndipo arudi. Usajili ni ushahidi mzuri, na ningemshauri kila msanii aufanye. Lakini sheria yenyewe inasema kutosajili hakumzuii mwenye kazi kudai. Wakili anayemrudisha mteja kwa sababu hana cheti amemnyima haki ambayo sheria ilikwisha kumpa.

Na hapo hatujafika penye mwiba. Mwiba uko katika kifungu cha 31 cha sheria hiyo hiyo.

Tuseme mwenye duka Nairobi anamtumia mchongaji ujumbe wa WhatsApp: nataka kitu kipya, twiga wawili wamesokotana shingo, inchi kumi, vipande 50, nitatuma nusu leo. Mchongaji anachora umbo kwa penseli juu ya jiwe, analitoa kwa panga, analikata kiuno kwa kisu, analilainisha kwa tupa. Kina mama wanaketi na mabeseni ya maji na kulisugua kwa msasa mpaka mishipa ya waridi ya jiwe inajitokeza, kisha nta. Pesa inaingia kwa simu, mzigo unapakiwa kwenye matatu. Hakuna aliyetia sahihi popote.

Nani mwenye hakimiliki ya twiga wale? Muulize mtu yeyote Tabaka, atakuambia ni aliyewachonga. Kifungu cha 31 kinasema vingine: kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, ila kama mlikubaliana vinginevyo. Yaani mwenye duka anaweza kuwapeleka twiga hao kwa fundi wa bei rahisi, na mchongaji wa kwanza akirudia umbo lake mwenyewe ndiye atakayeambiwa amevunja sheria. Lakini kama mchongaji alikwisha kuchonga twiga hao kwa hiari yake kabla ya ujumbe kufika, na mnunuzi akaagiza vipande zaidi vya umbo lililokuwepo, haki ya umbo lile la kwanza ni yake. Jiwe ni lile lile na bei ni ile ile, ila picha moja ya simu yenye tarehe ya juma lililotangulia inabadilisha mwenye mali.

Niambieni ni semina gani ya nusu siku itamfundisha mchongaji kulisimamia jambo hilo mbele ya hakimu. Hiyo ni kazi ya wakili. Tena si kazi kubwa. Kabla ya kupokea nusu ya pesa, mchongaji angejibu ujumbe ule kwa sentensi moja: hakimiliki ya umbo hili inabaki kwangu, wewe unanunua vipande hivi 50 tu. Mnunuzi akikubali, makubaliano yapo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la siku hizi liko mfukoni mwa kila kijana wa Tabaka. Kilichokosekana ni mtu wa kumpa sentensi yenyewe. Sheria hii ya kumpa mwagizaji hakimiliki tuliirithi kutoka mila ya kale ya Waingereza, na wao wenyewe waliiacha katika sheria yao ya mwaka 1988. Kwetu bado ipo, na mpaka Bunge liiguse, wakili asiyeijua ni hatari kwa mteja wake.

Wala msidhani haya ni ya mawe peke yake. Mpiga picha wa harusi mjini Nyamira au Keroka huamini picha zote ni zake kwa kuwa kamera ni yake. Kwa kifungu hicho hicho, picha zilizoagizwa ni za maharusi, ila kama aliandika vingine. Mchoraji wa ukuta wa shule, mbunifu wa mabango ya kampeni, fundi wa nembo za chama cha akiba, wote wako katika mtego mmoja.

Kwa nini mawakili hawakuandaliwa? Tazama wanakopitia. Masomo ya lazima ya shahada ya sheria nchini ni kama mikataba, ushahidi, jinai, ardhi, familia na mirathi. Mali ya ubunifu haimo katika orodha hiyo, ni somo la kuchagua kwa anayependa. Katika Chuo cha Sheria cha Kenya, mwanafunzi hufunzwa uhamishaji wa ardhi, usimamizi wa mirathi na uendeshaji wa kesi. Hakimiliki haina somo lake peke yake. Mtu anaweza kuapishwa kuwa wakili bila kuwahi kujibu swali hata moja kuhusu sanamu. Simlaumu yeye. Nawalaumu wanaoona pengo hilo kisha wanakwenda kumfundisha mchongaji.

Nitaambiwa mawakili hawapati faida kwa wachongaji: wachongaji ni maskini, hawalipi, hawana kesi. Anayesema hivyo anafikiri kazi ya wakili ni kesi tu. Kikundi cha wachongaji kinahitaji mkataba mmoja wa oda, uliopigwa chapa kwa Kiswahili au Ekegusii kinachosomeka, utakaotumika mara mia. Gharama yake wakigawana haimuumizi yeyote. Na mirathi je? Wakili wa Kisii hujaza fomu ya P&A 5 karibu kila juma, akiorodhesha mali ya marehemu: shamba, ng'ombe, akaunti ya benki, hisa za chama cha ushirika. Mchongaji akifa, hakimiliki yake ina miaka 50 mbele yake, ni mali kamili ya watoto wake. Ni wangapi wameiandika kwenye fomu hiyo? Tena tangu marekebisho ya 2019, sheria inamtengea msanii asilimia 5 ya bei kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Gusii ndiyo iliyomzaa mchongaji Elkana Ong'esa, ambaye sanamu yake ya Ndege wa Amani iko makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Eneo lenye wachongaji wa kiwango hicho haliwezi kusema hakuna mali ya kulinda.

Hoja ya pili ni ile ya wazee: sanaa ya Tabaka ni ya jamii, kila mtu anamwiga jirani yake, mambo ya umiliki yataleta ugomvi. Hoja hii ina uzito, na ndiyo inayonipa nguvu zaidi. Ni kweli kwamba bakuli la duara si la mtu, na mapambo ya asili ya Abagusii si ya fundi mmoja. Kwa hayo tuna sheria nyingine, ya mwaka 2016, inayolinda maarifa asilia na sanaa za jamii na kuzipa serikali za kaunti wajibu wake. Vile vile umbo lililobuniwa ili lizalishwe kiwandani lina mlango wake kwa taasisi ya mali ya viwandani, KIPI. Sasa nani atatenganisha kilicho cha jamii, cha mtu na cha kiwanda? Wakili asiyejua atamshauri mmoja adai cha wote, na hapo ndipo ugomvi utakapozuka.

Tumekwisha kuona tofauti anayoileta mtu anayejua. Mwishoni mwa miaka ya 2000, kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili jina "Kikoy" liwe alama yake ya biashara. Shirika la biashara ya haki la Traidcraft na wadau wa Kenya wakaweka pingamizi, na ombi likaanguka. Kikoi hakikuokolewa kwa kuwahamasisha wafumaji. Kiliokolewa kwa karatasi za kisheria zilizowasilishwa kwa wakati.

Basi ninataka yafuatayo. Kila wakili nchini hutakiwa kukusanya alama tano za mafunzo endelevu kila mwaka. Chama cha Mawakili kitenge kikao kimoja cha hakimiliki ya sanaa, kifanyike Tabaka bandani, mawe yakiwa mbele yao, badala ya hotelini. Chuo Kikuu cha Kisii kina kitivo cha sheria. Wanafunzi wake wafungue kliniki ya wasanii chini ya wahadhiri wao, kama mawakili wa New York walivyoanza kujitolea kwa wasanii wao tangu 1969. Serikali za Kisii na Nyamira zichukue bajeti ya hamasisho ya mwaka mmoja, ziigharamie kazi hiyo. Na mtu yeyote akija na bango la kuwafunza wachongaji haki zao, aulizwe kwanza swali moja: wakishazijua, watampelekea wakili gani? Kama hana jina la kutaja, arudi na bango lake.